Gunia la Nani?

Usiku wa kuamkia Jumamosi sikulala, wala mwanangu Gershom hakulala. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, yeye katika chumba chake cha uani, na kati yetu hapakuwa na kitu ila ukuta wa udongo. Nilimsikia akikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. Asubuhi karatasi ingebandikwa katika ghala la kununulia mbata, zile nazi zilizokaushwa, lililo kando ya njia kuu ya Kisauni, nayo ingekuwa na jina moja tu, jina la karani mpya wa mizani. Vijana kumi na mmoja walikuwa wamefanya mtihani siku ya Ijumaa. Katika hao, mwanangu peke yake ndiye aliyemaliza darasa la nane.

"Gershom," nikamwita.

"Naam, mama."

"Una hakika hesabu zote ulizipata?"

"Mama, umeniuliza mara nne."

"Basi nijibu ya tano."

"Zote. Karani mkuu alizisahihisha mbele yetu. Kumi na mbili kwa kumi na mbili."

"Na barua ya Kiingereza?"

"Waliobaki hawakuimaliza."

"Sasa mbona hulali?"

Akakohoa tena. Nikadhani ni furaha ndiyo inayomnyima usingizi.

Gershom alizaliwa hapa Mjambere mwaka wa nzige. Baba yake alimwita Garama, jina la babu yake. Gershom ni jina alilopewa alipobatizwa. Kabla hajajua kujifunga kaptula alikuwa anajua kuhesabu nazi. Wakwezi wakimaliza kuangua humwita, naye hutazama rundo la nazi na kutaja idadi, kisha wao huhesabu moja moja na kukuta ni hiyo hiyo. Walikuwa wakimtania, "Huyu macho yake yana vidole."

Baba yake alikufa kwa homa mtoto akiwa darasa la tatu. Mimi nilisoma miaka miwili tu, katika darasa la ubatizo, na kisomo changu kinanifikisha mwisho wa wimbo wa kanisani na mwanzo wa barua. Lakini nilijua kufua nazi, kupasua, kuanika, na kutazama mawingu. Miaka mitano nilianika mbata juani, nikageuza, nikafukuza kuku na kunguru, nikajaza magunia, na kwa magunia hayo mwanangu akasoma bweni katika shule ya misheni huko bara. Kila mwisho wa mwaka alirudi na karatasi ya alama, nami niliisoma kwa kidole, polepole. Hesabu, wa kwanza. Kiingereza, wa kwanza. Mwaka mmoja akawa wa pili katika uimbaji, nikamwuliza ana nini.

Mwalimu wake mmoja alikuwa na desturi ambayo Gershom aliipenda kuliko chakula. Akiandika hesabu ubaoni, mara nyingine hutia kosa kwa makusudi. Mwanafunzi aliyeliona huinuka, hupewa chaki, na kulisahihisha mbele ya wenzake. Mwanangu alirudi likizo ananisimulia jinsi alivyoshika chaki mara saba.

Basi akapata cheti, akarudi nacho, akakaa nacho miezi saba. Ulikuwa mwaka wa 1948, mwaka mmoja tu baada ya ule mgomo mkubwa wa wafanyakazi. Kila alikokwenda walitazama kipande chake cha utambulisho, wakatazama mabega yake, wakamwambia aende gatini, huko bandarini, akabebe mizigo. Ndugu yangu mmoja alifanya kibarua cha gatini, na leo hawezi kuinama kuokota kijiko. Nilikuwa nimemwambia Gershom kwamba ghala hili likimkataa, itabidi aende huko huko, maana nyumba haina mtu mwingine. Hilo alilijua, nami nililijua, na ndilo lililokuwa likitugeuza vitandani usiku ule.

Saa mbili asubuhi tulikuwa ghalani. Jua lilikuwa halijachoma bado, lakini harufu ya mbata ilishatoka nje kutupokea, ile harufu ya mafuta yaliyochacha inayokaa katika nguo hata ukiifua mara tatu. Karatasi ilikuwa imepigiliwa misumari miwili. Sikuhitaji kidole. Jina lilikuwa fupi: LEWA.

Lewa ni mtoto wa jirani yangu Nyamvula. Alitoka shuleni darasa la nne, na hakutoka, alitolewa. Ni kijana mcheshi, hana ubaya na mtu, lakini kuzidisha kwa saba humtoa jasho.

Nyamvula alikuwapo, amejifunga leso mpya.

"Mama Gershom! Shingo hiyo utaivunja. Jina halirefuki kwa kutazamwa."

"Hongera, mama Lewa," nikasema. Nilisema kwa meno.

"Ahsante, dada yangu. Si nilikwambia? Wako kajifunza kusema, wangu kajifunza kunyamaza. Haya, na kile cheti utakifanya nini? Kifunikie mtungi, mjusi asiingie!"

Watu wakacheka. Gershom alikuwa amekwisha kuondoka.

Nilimkuta nyumbani amekaa juu ya kinu. Nikasimama mbele yake mpaka akachoka kuniona miguu.

"Mama, hesabu zilikuwa nusu ya mtihani," akasema. "Nusu ya pili ilikuwa mizani."

Karani mkuu pale anaitwa Erastus. Ni mtu wa bara, mrefu, ana miwani ya waya. Baada ya mtihani wa kuandika, Gershom akanieleza, aliwapanga vijana nje, akawaita ndani mmoja mmoja, na mlango ulikuwa wazi kiasi cha kuona na kusikia. Gunia la mbata lilipandishwa juu ya mizani ya frasila, na frasila moja ni ratili thelathini na sita. Erastus akamwambia Gershom, "Soma." Gershom akasoma, "Frasila tatu, ratili sita." Erastus akasema, "Soma tena." Mwanangu akadhani macho yake ndiyo yanayopimwa. Akainama, akafuta vumbi kwenye mkono wa mizani kwa kidole, akasoma upya: "Samahani, mzee. Frasila tatu, ratili sita na nusu."

Wapagazi wakacheka hata mmoja akakaa chini. Erastus akamwambia, "Soma mara ya mwisho, na ufikiri." Gershom akafikiri. Akasema, "Ni hivyo hivyo, mzee. Kama kitabuni mmeandika chini ya hapo, basi kitabu kina kosa, naweza kukisahihisha."

"Ulimwambia hivyo?" nikauliza.

"Nilimwambia kwa heshima."

Maskini mwanangu. Alikuwa anangoja chaki.

"Na Lewa?"

"Lewa aliingia baada yangu. Gunia lile lile. Akaambiwa asome. Hata hakuitazama mizani, mama. Alimtazama Erastus, akauliza, 'Gunia la nani?'"

"Gunia la nani?"

"Ndiyo. Erastus akamwambia ni la mama mmoja wa Mjambere. Lewa akasema, 'Basi ni frasila mbili na ratili thelathini.' Erastus akauliza, 'Na kama ni letu, tunaliuza melini?' Lewa akasema, 'Basi ni frasila tatu na ratili kumi.' Wakashikana mikono."

Nilikaa chini mchangani. Si kwa sababu ya kazi. Nilikaa kwa sababu ya zile ratili thelathini, maana nilizijua.

Mkulima yeyote wa pwani anajua kwamba nazi mia tatu, zikikauka vizuri, ni gunia la frasila tatu na kidogo. Mimi nilihesabu mia tatu zangu kila mara, na kila mara stakabadhi ilirudi na frasila mbili na ratili ishirini na nane, mbili na thelathini, mbili na thelathini na moja. Miaka mitano. Nilianza kwa kulilaumu jua. Kisha nililaumu panya. Mwisho nikamlaumu shemeji yangu Katana, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akinipelekea magunia kwenye ghala hilo hilo kwa baiskeli yake bila kudai kitu. Nilimwita mwizi wa mayatima mbele ya watu, siku ya Jumapili, nguo za kanisani zikiwa mwilini. Tangu siku hiyo tukawa tunapitana kama watu wa miji mbalimbali.

Ile harufu ya mbata niliyokuwa nimeivumilia miaka yote hiyo, nikijiambia ni harufu ya masomo ya mwanangu, sikuweza tena kuiita hivyo. Nikajipangusa mchanga, nikaenda kwa Katana hapo hapo kabla ya kujipa muda wa kuogopa.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anaziba tundu la mpira wa baiskeli. Akasema, "Shemeji, kwa hiyo leo mwizi kapata jina jingine. Mimi nirudishiwe langu." Hakucheka, lakini aliniletea kiti.

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini mimi ni mzazi, na hofu ya gatini haikuniachia. Jumatatu nilichukua kile cheti bila kumwambia mwenyewe, nikaenda ghalani peke yangu.

"Mama, wewe nataka nini?" Erastus akaniuliza. Kiswahili chake kinakwaruza, na huyu ndiye mpima akili za watoto wetu.

"Shikamoo haimdhuru mtu, hata huko kwenu," nikamwambia.

Akatabasamu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni mama yake Gershom. Nimekuletea cheti chake ukisome vizuri, maana nadhani siku ile hukukiona."

Alikipokea, akakisoma chote. Sikutarajia. Alikisoma juu mpaka chini, akapitisha kidole kwenye alama za mwandiko, akamwita Bwana, mwenye ghala, aje akione. Wakasemezana Kiingereza. Kisha Erastus akanigeukia.

"Hii cheti ni mzuri sana, mama. Bwana nasema vitabu vyetu ni vichafu, na hiyo kijana Lewa naandika kama kuku. Serikali ikikuja kutazama vitabu, nataka ione mwandiko safi. Sasa, Lewa atasoma mizani. Mtoto yako ataandika."

"Ataandika nini?"

"Ile Lewa nasema."

"Na kama Lewa amekosea?"

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Mama, hapa hakuna mtu nakosea. Mwambie akuje kesho saa moja. Asipokuja, kuna wengine."

Nilitembea mpaka nyumbani nimekikunja cheti mkononi. Watu husema alama za shule hazina kazi kwa waajiri. Si kweli. Walikitaka. Walikitaka kama mtu anavyotaka kitambaa cheupe cha kufunikia sahani iliyoingiwa na nzi. Nusu ratili ya mwanangu waliicheka, na mwandiko wake wakauitia Bwana.

Usiku nilimweleza yote, nilichosema na nilichoambiwa. Hakunigombeza kwa kuchukua cheti. Alisikiliza, akauliza, "Na wewe, mama, wasemaje?"

Laiti ningalisema neno la mama wa maana. Nilichosema ni hiki: "Shati lako nimekwisha kulipiga pasi."

Akalichukua kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaingia chumbani kwake.

Jumanne, kabla ya saa moja, nilikuwa uani nachochea moto usiohitaji kuchochewa. Lewa akaja, amevaa viatu, nywele kachana.

"Shikamoo, mama Gershom."

"Marahaba, mwanangu."

Alikwenda mpaka kwenye chumba cha uani akagonga. "Gershom! Twende bwana, tutachelewa. Erastus kanunua kalamu mpya kwa ajili yako!" Akangoja. Akagonga tena, taratibu kidogo. "Gershom, kazi ni kuandika tu. Ratili nitazibeba mimi, si wewe."

Akatega sikio mlangoni, kisha akanigeukia.

"Mama, amelala?"

"Hajalala."

"Basi mbona hafungui?"

Nilimtazama kijana yule, viatu vyake, uso wake ambao bado ulikuwa wa kitoto. Nilijua kwamba nikienda mimi nikamwita kwa jina la babu yake, Garama atafungua, maana hajawahi kukataa mwito wangu. Mkono wangu ulikuwa umeshika kuni. Niliuacha ubaki hapo, nikijua kinachobaki ni gati.

"Nenda, baba," nikamwambia Lewa. "Nenda, utachelewa."

Akaenda. Mlango wa mwanangu haukufunguka, nami sikuugonga.