Njuga za Popi

Enzi zetu pale Mnarani, ukimwona mtu mzima njiani unampokea mzigo bila kuombwa. Ndivyo tunavyowaambia wajukuu, nao wanaitikia huku wakibofya simu. Mengi ni kweli. Hili moja sijawahi kulisimulia.

Bi Rukia alikuwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, na alikuwa haoni. Sisi mabinti tulimwongoza kwa zamu kila alasiri: wewe unashika ncha hii ya bakora, yeye anashika ile. Njiani anakusikiliza sura, na ukikosea anaivuta bakora kidogo. Alasiri moja, katika zamu yangu, tuliwapita wenzangu wanaruka kamba. "Ningoje hapa, Mwalimu, naja sasa hivi," nikamwambia.

Nikamsahau. Aliyemkuta ni jirani yetu Mzee Kazungu, mgema wa kutoka Kaloleni, akirudi minazini. Bi Rukia alikuwa bado amesimama juani, bakora ameinyoosha mbele, akingoja mtu wa kuishika upande wa pili. Wanafunzi walikuwa wameshatawanyika. Wakubwa wakakaa kikao, wakasema afadhali apumzike nyumbani, atafutwe mwalimu anayeona. Walipomuuliza zamu ilikuwa ya nani, alijibu, "Nilipotea mwenyewe." Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika kamba yangu, na nilinyamaza.

Mzee Kazungu alikuwa na mbwa, Popi. Akamvisha njuga za ngoma shingoni, na kwa majuma mawili akaenda nao hadi chuoni kila siku, Popi mbele, Bi Rukia nyuma, yeye kando, mpaka mbwa akaijua njia. Wakubwa wakashtuka. Mwalimu wa chuo na mbwa wa mgema?

"Simshiki wala hanigusi," Bi Rukia akawaambia. "Namfuata kwa masikio. Udhu wangu uko pale pale."

Wakamrudishia wanafunzi wake. Popi akawa analala nje, mbali na viatu vyetu, akingoja kichwa chake cha samaki. Tukisikia njuga, tunafungua juzuu. Bi Rukia akasomesha miaka mingi, wala hakuhitaji zamu zetu tena. Nilifurahi, na niliona haya.

Siku hizi macho yangu nayo yamekwenda na sukari. Kuna binti wa bara, amejitolea, hunipeleka kliniki Kilifi na huniita shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Ananiambia ng'ambo kuna mbwa wanaosomeshwa kazi hii mpaka wanahitimu. Nikacheka. Popi alisomeshwa na mgema. Binti mwenyewe suruali yake, nasikia, imechanika magotini kwa makusudi, na shikamoo humtoka baada ya kukumbushwa. Kila safari namweleza adabu za enzi zetu.

Juzi simu yake ikalia njiani. "Shosho, ningoje hapa kidogo," akasema, akauachia mkono wangu.

Nikasimama juani. Mkono wangu ulibaki umenyooka mbele, na niliogopa kuushusha, asije akarudi akaukosa. Nikaanza kusoma Alhamdu. Sikufika mwisho, akawa amerudi, ameushika.

"Pole, shosho. Nimekuchelewesha?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. Tukaenda, na siku hiyo za enzi zetu sikumweleza.