Utani Wangu Polisi Umenikosesha Fidia ya Gari

Admin, jina langu baki nalo wewe. Tabora ni mji mdogo na mimi mdomo wangu unajulikana.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mjane, Mnyamwezi, naishi Cheyo na wanangu wawili. Kazi yangu ni asali. Nanunua Ipole kwa wanaorina wenyewe, naleta mjini kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, niliyoinunua kwa shida baada ya mume wangu kufariki. Watu walinicheka eti mama mzima anaendesha kirikuu. Niliipenda ile gari kuliko baadhi ya ndugu zangu, na sioni aibu kusema.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa narudi na mzigo. Kabla sijafika Sikonge, ng'ombe wakakatiza barabara, nikasimama. Lori lililokuwa nyuma yangu halikusimama. Nilitoka na jeraha kwenye paji la uso, miwani imevunjika, asali yote imemwagika kwenye lami. Fundi wangu alipoiona gari aliizunguka mara moja tu, akasema haitengenezeki, nitafute wanunuzi wa chuma chakavu.

Dereva, ambaye ndiye mwenye lori, alishuka akanipa pole. Kwenye lori, pembeni yake, alikuwa amekaa mkewe. Nilipomuuliza yule baba kwao wapi akasema ni Mgogo. Kwa wasiojua, Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu mababu. Mtani akikukosea humnunii, unamtania. Basi na mimi, kwa furaha ya kuwa hai, nikaanza kumtania palepale na damu usoni. Mkewe naye akasema yeye ni Mnyamwezi, nikamwita yule baba shemeji.

Tulipofika polisi, askari aliponiuliza ilikuwaje, utani bado umenijaa kichwani. Nikamwambia, "Kosa ni langu, afande. Nilimwona Mgogo anakuja na njaa yake, nikasimama katikati ya barabara nimgawie asali." Tukacheka wote, hata askari alicheka. Lakini huku anacheka alikuwa anaandika. Miwani sina, nikatia sahihi bila kusoma. Mdomo uliponza kichwa.

Nilipofuatilia bima ndipo nilipoelewa. Mimi nilikata bima ndogo, ile inayomlipa utakayemgonga, wewe mwenyewe haikuhusu. Shemeji naye alikuwa na hiyohiyo, tena yenye kikomo. Wakala alinieleza kwamba hata wakilipa, hawafikii nusu ya bei ya gari yangu. Kinachobaki ni juu ya mwenye lori mwenyewe. Halafu akafungua faili akanisomea maelezo yangu: nilisimama katikati ya barabara kwa hiari yangu na nimekiri kosa. Ng'ombe hawamo. Kwa hiyo hata hicho kidogo sipewi.

Nikamfuata shemeji, nikamwomba twende polisi aseme ukweli. Sikumtania siku hiyo. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, utani ni utani, lakini karatasi ni karatasi. Nikisema kosa langu, kinachobaki nitakilipa kwa kuuza lori, na lori ndiyo chakula cha wanangu." Iliniuma sana. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo. Mimi ningekuwa yeye, sijui kama ningekwenda.

Polisi wanasema nilete aliyeona, hadi Jumatatu, la sivyo faili linafungwa. Wachunga ng'ombe hata sura zao sizikumbuki. Aliyeona ni mmoja tu, yule mkewe.

Wiki iliyopita alikuja kwangu mwenyewe, amejifunika khanga mpaka machoni. Akaniamkia shikamoo dada, akakaa. Akaniambia siku ile mumewe alikuwa anaongea na simu na yeye alimwambia angalia mbele, ng'ombe hao. Akasema yuko tayari kuyasema hayo polisi kwa sababu dhambi inamkosesha raha hata kanisani. Nikamuuliza, je, mumewe atafanyaje. Akasema atamrudisha kwao, na watoto atabaki nao, ameshamwambia hivyo. Aliposimama kuondoka akanishika mkono akasema, "Dada, ukiniita nitakuja. Ila kama kuna njia nyingine, naomba usiniite."

Njia nyingine sina. Nimeitafuta. Sasa hivi nakodi pikipiki inayobeba ndoo nne tu, wateja wanahamia kwa wengine, na mwanangu mkubwa karo yake ya chuo bado. Nilichopoteza ni haki yangu, sijaomba sadaka ya mtu. Lakini kila nikilala namwona yule mdogo wangu anarudishwa kwao bila watoto kwa ajili ya gari yangu.

Msinitukane kuhusu utani, nimeshajitukana vya kutosha. Jina lake nimeshaliandika kwenye karatasi ya mashahidi, iko ndani ya pochi yangu hapa. Nishaurini ndugu zangu, hasa nyie wanawake: Jumatatu niipeleke, au niichane?