Leseni ya Kuuza Nyumba ya Mama

Mwezi wa pili wa eda ya mama, kaka yangu mkubwa aliniita jikoni, akaufunga mlango, kisha akafungulia bomba la maji ili sauti zetu zisifike chumbani. Mtu mzima, mkubwa wa idara nzima serikalini, anafungulia bomba kama mtoto aliyeiba sukari. Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa wa mzaha.

Baba alikuwa amefariki kiasi cha wiki sita nyuma. Mama alikuwa kizuka, amekaa chumbani kwake na nguo zake nyeupe, hatoki nje, haonekani na mwanamume yeyote asiye maharimu wake. Nyumba yetu ya Al Khuwair, yenye ghorofa mbili na ngazi zinazoumiza magoti hata ya vijana, ilikuwa imebaki na mtu mmoja tu wa kulala humo kila siku, na mimi wa kuja na kuondoka.

"Nyumba hii tuiuze," kaka alisema. "Eda ikisha tu, tuwe tushapata mtu."

"Na mama?"

"Atakaa kwetu. Kwangu miezi miwili, kwako miezi miwili, kwa mdogo wetu kule Sohar miezi miwili. Hatokuwa peke yake hata siku moja, wallahi."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, na sikushtuka. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya magoti yake, kwa ajili ya upweke wake, na mengi mengine mazuri. Nisiwe mnafiki, niliifikiria na sehemu yangu ya urithi. Niliifikiria pale pale, maji yakimwagika bure kwenye sinki.

Tulichogombania si kuuza. Tuligombana nani auze. Kaka alitaka tumchukue dalali mwenye ofisi na gari na simu mbili. Mimi nilimuuliza dalali huyo mwanamume ataingiaje katika nyumba yenye kizuka, na hao wateja wake atawaonyesha vyumba gani, cha mama akiruke? Nikasema nitachukua leseni ya udalali mimi mwenyewe. Nilikuwa nimestaafu mapema kutoka wizarani, asubuhi zangu zilikuwa tupu, na ujira wa dalali ungebaki nyumbani.

"Dalali ana wateja," kaka alinambia. "We una maneno tu."

"Nna maneno na nna akili."

"Leseni hadi uipate, eda ishakwisha na mama keshaanza kuuliza masuala."

Hilo la mama kuanza kuuliza ndilo lililotutia hofu sote wawili, na ndilo lililonipa ushindi. Tulikubaliana nisome, na kama sijafaulu eda ikimalizika, tutamchukua dalali wake. Tuliagana kwamba mama asijue lolote mpaka mambo yawe tayari, asije akaumia bure. Mama nilimwambia kwamba nasoma kozi ya biashara.

Mafunzo yalikuwa Hamriya, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa. Tulikuwa watu kumi na kitu, wengi vijana, mimi ndiye pekee niliyekwenda na miwani ya kusomea na chupa ya chai. Mwalimu alikuwa mzee mkavu, hacheki. Siku ya kwanza alituambia kwamba mtu anayeuza kilicho chake hahitaji leseni, leseni ni ya kuuzia mali za watu. Kwa hiyo dalali, kabla hajapima ukuta wala kutaja bei, huuliza nani mwenye mali, na je, amekuruhusu kwa maandishi. Nililiandika hilo kwenye daftari nikalipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Halafu nikamtumia kaka ujumbe kwamba, kumbe, mtu akiuza nyumba yake hahitaji leseni.

Akanijibu mara moja: "Si nlikwambia, leseni ya nini! Tungeuza wenyewe."

Tungeuza wenyewe. Nilisoma neno hilo nikaona ni sawa kabisa.

Ada nilikuwa nishailipa, kwa hiyo nikaendelea kusoma. Wiki ya tatu mwalimu alileta mgeni, dalali mwanamke aliyekwisha fanya kazi hiyo miaka mingi, aje kutuonyesha jinsi tangazo la nyumba linavyotengenezwa. Taa zilikuwa zimezimwa alipoingia na abaya nyeusi iliyonyooka, akaunganisha kompyuta yake na projekta, ukuta ukawaka. Alisema, kwa Kiarabu chake cha taratibu, kwamba picha nzuri huonyesha nyumba inavyoishi, si inavyojidai. Akafungua picha ya kwanza, sebule yenye zulia jekundu.

Kwenye zulia lile kulikuwa na alama ya kuungua, kubwa kiasi cha sahani ya kikombe, karibu na mguu wa kochi.

Niliijua alama ile. Mimi ndiye niliyeangusha chetezo siku ya harusi yangu, makaa na udi vyote vikamwagika, na mama akanipiga kofi la mgongo nikiwa na hina mbichi mikononi. Nikajiambia, mazulia mengi huungua. Ikaja picha ya pili, jiko, na pembeni pale chini ya dirisha palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, mguu wake mmoja umefungwa waya wa shaba. Waya ule aliufunga baba. Picha ya tatu ilikuwa chumba cha kulala, na juu ya kitanda kulikuwa na msala wa mama umekunjwa mara nne, kama anavyoukunja yeye.

Sikumbuki nilisimama vipi. Nakumbuka kiti kilianguka, na nakumbuka sauti yangu ikipiga kelele, "Mama yangu!" kwa Kiswahili, chumba kizima kikageuka. Mwalimu aliniuliza kama naumwa.

Yule mwanamke, macho yake kwenye picha, hakuwa amenitambua katika giza lile. Alikuwa akiendelea kueleza: "Mwenye nyumba ni mjane. Mulkia ina jina lake peke yake, hakuna warithi wa kungojwa. Picha kazipiga mwenyewe kwa simu yake, kwa kuwa yuko edani na chumbani kwake haingii mtu."

Mulkia ndiyo hati ya kumiliki nyumba. Mulkia ya nyumba yetu, kwa nijuavyo mimi na kaka na mdogo wetu wa Sohar, ilikuwa na jina la baba. Hatujawahi kuiona, ila nani anaomba kuona hati ya nyumba alimozaliwa? Nilifikiri ni wizi. Nilifikiri kuna mtu kamghilibu mama, kamsainisha makaratasi akiwa na msiba. Nilimkaribia yule mwanamke, na aliponyanyua uso kwenye mwanga wa kompyuta nikamtambua, nikapigwa na la pili kabla la kwanza halijatulia.

Alikuwa amekuja nyumbani kwetu. Si mara moja, mara tatu, pamoja na wanawake waliokuja kutoa pole. Mara zote tatu nilimmiminia kahawa kwa mkono wangu mwenyewe, nikamsogezea halwa, naye akakitikisa kikombe kwa adabu kuashiria kwamba ametosheka. Nilimwambia hata kaka, yule mama wa Kiarabu ana utu, anamjia mama kila mara.

Naye alinitambua. Aliifunga kompyuta polepole. Alisema kwamba habari za mteja wake hawezi kuzizungumza na mtu mwingine, hata awe binti yake. "Nenda kamuulize mama," alinambia, na hakuonekana kuona aibu hata kidogo.

Njiani, nikiendesha gari, nilipitiliza pa kutokea barabara kuu, njia niliyopita miaka yangu yote ya kazi, ikabidi nizunguke kurudi. Nilikuwa na hasira, halafu na woga, halafu tena hasira. Sikumpigia simu kaka, kwa sababu sikujua ningemwambia nini.

Mama alikuwa kitandani, tasbihi mkononi, dirisha wazi.

"Ushatoka skuli ya udalali?" aliuliza.

Nilikaa chini sakafuni. Wiki tatu namwambia kozi ya biashara.

"Nani kakwambia, mama?"

"Bomba. Mnafungulia maji mnadhani mnaficha. Jiko langu hilo, mwanangu, nasikia mpaka sufuria ikitokota. Nlisikia siku ile ile. Miezi miwili kwake, miezi miwili kwako, miezi miwili Sohar. Mimi mkoba?"

Aliingiza mkono chini ya mto akatoa bahasha, akanipa. Ndani mlikuwa na mulkia, na jina lililoandikwa lilikuwa lake. Nililisoma mara tatu. Jina la baba halikuwamo hata pembeni.

"Mwaka tulopandisha ghorofa, nliuza dhahabu yangu yote ya harusi," alisema. "Baba yenu akenda akaigeuza nyumba ikawa kwa jina langu. Akanambia nisimwambie mtu mpaka siku nipate haja. Basi nimepata haja."

Nilijikuta nalia, na si kwa ajili ya nyumba. Baba, yule mtu mkimya niliyedhani namjua nje na ndani, alikuwa na jambo kubwa namna hii kifuani na akaondoka nalo. Na sisi hatujamaliza hata kumlilia, tushapanga kuuza kama urithi wake kitu kisicho chake.

"Lakini mama, kwa nini mtu wa nje? Mimi leseni naisomea kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?" Alicheka kidogo, cheko lisilo na ubaya. "Yule mwanamke kaja na jirani siku ya khitma. Nlimdhania mbea tu. Mara ya pili akakaa hapa hapa ulipokaa wewe, akanambia: 'Mama, ukitoka edani unataka kukaa wapi?' Nkalia, mwanangu. Tangu kafa baba yenu, hapana aloniuliza suala hilo. Mwaniuliza nimekula, mwaniuliza dawa, mwaniuliza goti."

Daftari langu lilikuwa ndani ya mkoba, karibu na paja langu, na swali la nani mwenye mali limepigiwa mstari mwekundu. Niliusukuma mkoba chini ya kitanda.

Akaendelea kwa raha, kana kwamba anaeleza mapishi. Kule Bustan ameoneshwa kijumba kwenye picha, hakina ngazi hata moja, kina kiwanja kidogo cha kuanikia, na msikiti uko karibu kiasi cha kuisikia adhana bila kipaza sauti. Kina chumba chake na chumba kimoja cha wageni.

"Mtakuja kwa zamu," alisema. "Siku mbili mbili. Kisha kila mtu kwao."

Nilifuta macho kwa ukingo wa shela. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia ni ndogo, "Kwa hivyo mama, unataka kukaa Bustan?"

"Saa hizi waniuliza," alisema, "kwa kuwa jibu ushalisikia."

Simu yangu ikaanza kutetemeka sakafuni. Jina la kaka likatokea, likapotea, likatokea tena. Bila shaka alitaka kujua nimefikia wapi na leseni. Nilimtazama mama nikitumaini ataniambia nisiipokee.

"Pokea, mpe khabari," alisema, na vidole vyake vikarudi kwenye tasbihi. "Mwambie nyumba ina mwenyewe."