Dole Gumba la Mama Kwenye Seva

Tovuti ya ofisi yetu ya kupima viwanja niliijenga peke yangu, na sioni haya kulisema. Nilirudi Dodoma kutoka ng'ambo na diploma niliyoilipia kwa kuosha vyombo hotelini, wakati wenzangu wa Kondoa walikuwa bado wanatafuta wa kuwashika mkono. Kwa kazi yangu, mteja alikaa kwake akapakua ramani ya kiwanja. Iliyotoa ramani ni plagini, kijiprogramu cha bure kinachopachikwa kwenye tovuti. Kilikuja kwa Kiingereza. Nikaingia ndani ya msimbo wake nikaandika Kiswahili safi. Basi kila tangazo la toleo jipya lilipotokea, nililipita. Toleo jipya lingefuta Kiswahili changu.

Asubuhi moja alikuja mteja, dada anayefundisha kompyuta kule Chimwaga. Hakuuliza bei. Alinigeuzia simu yake.

"Kaka, hii tovuti katengeneza nani?"

"Uko naye hapa," nikasema, kifua mbele.

"Basi pole."

Kwenye anwani ya ukurasa, alifuta jina la ramani akaandika njia ya kwenda kwenye faili jingine la seva yetu. Plagini ikalitoa bila kuuliza.

"Itatoa faili lolote, ukijua lilipo. Toleo jipya lilishaziba tundu hili. Ulikuwa unangoja kadi ya mwaliko?"

Seva hiyohiyo ndiyo niliyohifadhia nakala za mikataba ya wateja, ukiwamo wa mama yangu, mwenye kiwanja pembeni ya mji. Mama hajui kusoma. Alisaini kwa dole gumba. Nywila nilizibadilisha zote kabla ya saa sita. Dole gumba halibadilishwi. Mwenye picha ya alama ile, jina na namba ya kiwanja, anaweza kutunga mkataba wa kuuza, na Dodoma hii ya sasa wanunuzi hawakosekani.

Nilizima tovuti, nikasoma orodha ya waliofungua mafaili yasiyo ramani. Seva huweka orodha ya siku saba tu. Katika siku hizo alikuwamo dada yule peke yake. Za kabla ya hizo sikuwa na namna ya kuzijua, na usiku ule sikulala.

Kesho yake nilikwenda Busi, kijijini kwa mama kule Kondoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja bila kupiga simu, nani kafa?"

Nilimweleza. Akautazama mkono wake, umejaa unga.

"Wameniibia kidole?"

"Picha yake, mama. Labda. Sijui."

"Si wewe uliyesema mji mzima hakuna anayekufikia?"

Akapangusa unga kwenye kanga.

"Na hao wengine waliosaini, umewaambia?"

"Bado."

"Sasa huku umefuata nini? Rudi."

Nilirudi, nikawapigia mmoja mmoja. Wengine walinitukana, wengine walinyamaza, na hao walionyamaza ndio walionitisha zaidi. Kwenye kiwanja cha mama nilisimamisha kibao: HAKIUZWI. Sikuandika mwenyewe ni nani.

Kila nikitoka kazini napita pale. Juzi nilikuta gari dogo limesimama, wanaume wawili wanapima upana kwa hatua. Mmoja alinisalimia vizuri sana, akafuta vumbi kwenye viatu.

"Bosi," akasema, "yule mama mwenye hiki kiwanja ni nani yako?"