Jeli ya Arobaini na Moja

Kadra Dukicha ni kiguu na njia. Tangu utotoni hapa Garsen, mamake, Bishara, alikuwa akimwambia kwamba hata akikalishwa chini, nyayo zake zitaendelea kutembea. Leo ana miaka thelathini na minne, ni mfamasia katika maabara ya chuo kimoja Mombasa, na kukaa bado hajajifunza.

Kwa miaka mitatu yeye na mwenzake Danson wamehangaika na jambo moja: kuipitisha dawa ya kuua viini kwenye ngozi, mgonjwa asimeze kidonge. Dawa yenyewe ipo siku nyingi. Kazi ni jeli ya kuibeba. Ikiwa nyepesi inachuruzika, ikiwa nzito inaing'ang'ania dawa isitoke. Walitupa jeli arobaini. Ya arobaini na moja ilishika, ikaachia dawa polepole, ikapita kila kipimo. Jumatatu walitakiwa kutia sahihi ili ikajaribiwe kwa wagonjwa.

Danson alinunua keki. Kadra hakuigusa. Kuna kitu kilimkera na hakukijua, basi Ijumaa akatia mkobani kopo la jeli tupu, isiyo na dawa, akaenda kwao.

Sababu ya yote iko kwenye mguu wa Bishara. Kidonda kilianza na mwiba alipokuwa akifuata ng'ombe wakati wa kiangazi, na mwaka wa nne huu kinafunga na kufunguka. Vidonge vya hospitali humchafua tumbo; akivimeza siku tatu anaviacha. Kadra hajawahi kumwambia Danson kwamba kila jeli aliyoikoroga aliukorogea mguu huo.

"Kaa kwanza unywe chai," mamake alimwambia asubuhi ya Jumamosi.

"Nitakunywa, mama. Nipe mkono nikupake kidogo. Kidonda tukiache, hii haina dawa bado. Nataka kuona inavyokaa."

Bishara alimtazama kama mtu aliyekosa malezi. "Bila kuosha?"

Akavuta bakuli aliloliandaa kwa ajili ya mguu wake. Ni maji ya vuguvugu na chumvi, yale yale yanayoosha kila kidonda kutoka Garsen hadi Tarasaa, cha Muorma na cha Mpokomo. Akanawa mkono, hakuufuta, akaunyoosha. Kadra akampaka.

Jeli ilikaa kidogo tu. Kisha ikalegea, ikawa maji, ikachuruzika hadi kiwikoni na kudondokea mkeka.

Kadra alijua papo hapo. Kile kinachoipa jeli ile uzito hakivumilii chumvi. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua. Maabarani walipima kwenye ngozi iliyooshwa kwa maji safi. Naye, aliyeoshwa magoti kwa chumvi katika ua huu huu huku analia, hakulifikiria hata siku moja. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Alimpigia Danson huku akizunguka ua.

"Tutaandika kwenye karatasi ya maelezo," Danson alisema. "Usioshe kwa maji ya chumvi. Basi."

"Nani ataisoma?"

"Miaka mitatu, Kadra. Tukikosa Jumatatu tunarudi mwisho wa foleni."

"Najua. Mimi sitii sahihi."

Danson akakata simu. Kadra akabaki ameishika, anatamani kuondoka na hajui aende wapi.

Bishara alikuwa amesikia. Alikuwa ameinama, anaumwagia mguu maji kikombe kwa kikombe, meno ameyauma.

"Chumvi ningeiacha," alisema bila kuinua uso. "Kwa ajili yako ningeiacha."

"Najua, mama. Ungeiacha wewe peke yako."

"Sasa hiyo itakayokaa, itakuja lini?"

Kadra alifungua kinywa amtulize kwa neno la haraka, akalimeza. "Mwaka mmoja. Labda miwili."

Bishara aliutazama mguu, kisha akamtazama bintiye, akampa kikombe. Kadra akachuchumaa, akaanza kuosha, na kila maji yalipogusa kidonda mkono wa mamake ulimbana begani.