Kiti cha Pili cha Deplasi

Wiki iliyopita nilifanya ujinga mmoja, na nitausema mwenyewe kabla majirani hawajanitangulia. Mlango wangu wa jikoni, wa bati, ulikuwa umeoza pale chini, panya wanaingia kama wana ufunguo. Badala ya kumwita fundi nikanunua kopo la mastiki, ile ya kuzibia mabati ya magari, pamoja na katyubu kadogo ka dawa nyekundu ya kuikausha. Aliyeniuzia alisema niweke dawa kama punje moja ya maharagi. Nikaona ubahili gani huu, nikaminya tyubu nzima ndani ya bakuli langu la uji. Nilipogeuka kutafuta kisu cha kupakia, mastiki ilishakuwa jiwe, na kijiko changu kizuri kimesimama katikati kama mlingoti wa bendera ya shule. Panya bado wanaingia.

Lakini ile harufu! Tamu, kali, kama ndizi iliyoozea ndani ya petroli. Nikaketi sakafuni, bakuli mapajani, na palepale nikawa tena mtoto wa miaka tisa, uani kwetu Kolwezi, karatasi ya msasa mkononi, vumbi la rangi limejaa kwenye kope.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wanapenda kusafiri. Mimi napenda kusikia wamefika. Mnaniulizaga kwa nini sitoki. Leo nitawaambia, ila msinicheke sana. Kwetu tulichekwa vya kutosha.

Baba alikuwa mtu wa malori. Ukoo wake ulitoka Kasongo, kule Maniema, na kwao mwanamume asiye na usukani alihesabiwa kama mgonjwa. Alikuwa na duka dogo na lori moja la kubeba unga, mafuta na sabuni kati ya Kolwezi na Fungurume. Siku moja akarudi anavuta kwa kamba kitu ambacho sisi watoto tulidhani ni beseni kubwa lililopigwa teke. Lilikuwa gari la mbio, la zamani, la chini kabisa, la viti viwili tu, lililotelekezwa bandani kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa anafunga duka lake. Paa la turubai lilikuwa limebaki matambara. Taa moja haikuwepo. Ndani ya kiti cha abiria kulikuwa na kuku, anaatamia, na hakukubali kushuka.

Mtaa ulikuja kuangalia. Mama Ngoie, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa hata na malaria, alizunguka gari mara moja akauliza:

"Tata Sadiki, batoto sita na biti biwili? Benye kubaki utabafunga juu, kama magunia ya makala?"

Watu wakatuona juu kama magunia ya makaa, wakacheka. Baba naye akacheka, kwa sababu alipenda mizaha kuliko nyama. Akasema: "Ya kwanza iko ya mwenye gari. Ya pili iko ya mama yabo." Mama akashika kikwembe chake, kitenge cha kujifunga, mdomoni kuficha meno. Tangu siku ile mtaa ukaliita lile gari Deplasi, maana kwa Kifaransa ni nafasi mbili, na sisi tukawa batoto ya Deplasi, hata shuleni, hata msikitini.

Kuku alichinjwa siku ya pili, mayai yakiwa bado na joto. Tulipokuwa tunamla, Baba alinyanyua paja la yule kuku juu ya sahani: "Muone. Njo mwenye kuikala bila ruhusa." Yaani ndiye aliyeketi bila ruhusa. Tulicheka hadi mchuzi ukatutoka puani. Nikikumbuka vizuri, yule kuku ndiye aliyekifaidi kile kiti kuliko mtu yeyote wa nyumba yetu.

Kulitengeneza kulichukua miaka. Baba alikuwa akipata kitu, anaweka, akikosa, anangoja. Kioo kilikuja na dereva wa malori ya Zambia, kimefungwa ndani ya godoro. Kabureta ilifunguliwa na kufungwa mara nyingi hadi dada zangu wakajifunza kulitamka jina lake kabla ya kusoma Fatiha bila kukosea. Kutu tuliikwangua sisi. Kila tulipokwangua, bati lilifunguka tundu lingine, na Baba alipaka mastiki, na tukasugua kwa msasa na maji, tukasugua, hadi vidole vikalainika kama vya mfu.

Na hakutulazimisha. Hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa. Alitushindanisha tu. Mama alishatolewa mapema: siku alipojaribu kuketi, Baba alisema kichwa chake kitatoboa turubai, kwa kuwa Mama alikuwa mrefu kuliko wanawake wote wa mtaa wetu. Alisema kwa kucheka, mbele ya wageni. Basi kiti cha pili kikawa cha yule mtoto "mwenye atanifurahisha", na kila jioni kilikuwa na mwenyewe mpya. Leo kiti ni cha Sadiki, kaka yetu mkubwa, ambaye Baba aliitwa kwa jina lake. Kesho Sadiki amevunja plagi, kiti kimehama. Tulipelelezana. Tulichongeana. Ndugu aliyekula sukari usiku, asubuhi alikuwa ameshapoteza kiti. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupandishwa, maana gari lenyewe lilikuwa bado juu ya matofali, lakini tulilia kwa kukipoteza kama tumeshushwa njiani, porini, na mvua inanyesha.

Siku ya kupaka rangi sitaisahau. Mnajua vumbi letu. Mchana wanapolipua mgodi kule upande wa Musonoi, madirisha yanatikisika, kisha vumbi linakuja polepole, jekundu, kama mtu asiyebisha hodi. Rangi ya kijani ilikuwa mbichi. Baba akatupanga kuzunguka gari, kila mmoja ameshika vikwembe vya Mama juu kwa mikono miwili, tuwe ukuta. "Mwenye atateremusha mikono, kiti kwaheri." Tukasimama. Jua likatupiga. Mdogo wetu Mwamini, miaka sita tu, alianza kubana miguu. Nilimwona. Alinitazama, akatazama gari, akabana tena. Hakuteremsha mikono. Mkojo ulimshuka miguuni hadi kwenye kandambili, na mikono yake bado juu, imenyooka.

Baba alimwita Mama Ngoie aje ukutani aone. Akawaita na vijana wa duka letu. "Muangalie! Njo huyu alitaka kuikala kwa ngozi!" Mwamini akatolewa kwenye mashindano, na jina la Kakojozi likamganda hadi siku ya harusi yake. Rangi ilikauka vizuri.

Mwishowe injini ikakubali. Siku zile safari za Baba za Fungurume zilikuwa zimeanza kurefuka; mgodi wa kule ulikuwa unakua, alisema, na biashara inafuata mgodi. Alirudi ananukia manukato mapya, amebana kwapani roli la ngozi nyekundu ya viti. Mama ndiye aliyeshona kila kitu cha Deplasi, turubai kwa sindano ya magunia, viti kwa mashine yake ya kukanyaga, sindano zikivunjika moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango Baba alipomwambia:

"Ile ya pili uinyanyue. Tia sponji ingine. Mwenye ataikala pale iko mufupi."

Mguu wa Mama ukasimama kwenye mashine. "Mufupi namna gani?"

"Mufupi tu. Akiikala hivi haone barabara."

Mashine ikaendelea.

Mufupi! Ndugu zangu, nyumbani waliniita Kafupi. Mwamini alinizidi ufupi, lakini yeye alishatolewa. Nilikwenda nyuma ya choo nikaruka peke yangu kama chura. Kwa wiki nzima sikula vizuri, nisije nikarefuka.

Alhamisi jioni Baba alitukusanya uani. Kesho anakwenda Fungurume, kuna sherehe. Sadiki akaambiwa alinde duka. Mwingine achote maji, mwingine asafishe banda. Kisha Baba akanigeukia, akanitazama kwa muda, tabasamu likampanda upande mmoja tu wa uso.

"Na weye, Kafupi? Weye njo utaikala."

Sadiki akatema mate pembeni. Nilihisi damu imenipanda masikioni. Baba aliuona uso wangu, nina hakika aliuona, maana aliendelea kuutazama kama mtu anayeonja mchuzi, halafu akaenda kuoga.

Nilitangaza bombani. Nilitangaza kwenye kibanda cha mkate. Nikaingia kwa Mama Ngoie, naye akanisuka nywele, tena bure. "Ikala muzuri," akasema, "usimutapikie mule." Kisha akauliza: "Mama yako anasema nini?" Nikamjibu Mama anapiga pasi kanzu nyeupe ya Baba, ile mpya. Mama Ngoie alivuta msuko hadi macho yakanitoka.

Asubuhi niliamka wa kwanza. Nilivaa gauni la Idi na soksi nyeupe, nikaingia kwenye Deplasi, nikaketi. Ngozi ilikuwa baridi na ililia chini yangu. Sponji ilinibeba, miguu haikugusa chini, lakini barabara niliiona yote, hadi kona. Majirani walishaanza kujipanga ukutani, wale wote niliowatangazia. Niliwapungia mkono. Naam, kama bibi wa gavana.

Baba akatoka, kanzu inang'aa. Akafungua mlango wa upande wangu.

"Unafanya nini mule?"

"Ulisema njo mi nitaikala."

"Eh. Nilisema utaikala." Akanyoosha kidole kwenye nyumba. "Basi ikala. Ikala na mama yako."

Cheko alilokuwa amelificha tangu jana likamtoka. Sadiki akacheka, akashika mbavu. Ukuta wote ukacheka. Na Mama, mlangoni, naye alicheka, kidogo, kwa pua, kisha akaingia ndani. Baba alininyanyua kwa makwapa akanitua chini kama mtungi. Kabla ya kuondoka alitoa kitambaa mfukoni, akapangusa pale nilipokuwa nimeketi.

Wenye shule zao watasema kuikala ni kukaa, na kukaa ni neno dogo. Dogo, ndiyo, lakini kwetu linabeba watu wawili: anayeketi na anayebaki. Baba hakusema uongo hata kidogo. Ndiyo maana mzaha ule ulimfurahisha hivyo.

Jumapili honi ilipiga. Deplasi iliingia uani, paa limefunguliwa, na kando ya Baba kulikuwa na msichana mwenye hina mikononi, si mkubwa sana kuliko Sadiki. Aliposhuka ilimbidi aruke. Mama ilimbidi ainame kumsalimu. Tukaambiwa tumwite Mama Mudogo, akapewa chai, na mimi ndiye niliyebeba kikombe, bado nina misuko ya Mama Ngoie kichwani.

Kwa miaka mingi niliamini Mama alinicheka mimi, na kwa siri nilimchukia zaidi ya nilivyomchukia Baba. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe siku nilipokaa na ile picha ya mguu unaosimama kwenye mashine. "Mufupi namna gani?" Yeye alijua tangu pale. Alijua, akashona, tena mshono wa kurudia mara mbili usifumuke, kwa kuwa hakujua kushona vibaya. Na pale mlangoni alilichekea neno. Mimi niliambiwa siku moja kwamba nitakaa. Yeye alikuwa anaambiwa kila siku, kwa kila kipande cha bati kilichozibwa. Mwanamume mwenye watoto sita akinunua gari la viti viwili, hesabu yake ameshaifanya. Sisi ndio hatukujua kutoa. Tulimsugulia kutu ili aende.

Na alikwenda. Alihamia Fungurume kabisa, lori likawa linatuletea unga na salamu. Mwamini hadi leo haketi kiti cha mbele, hata kwenye teksi tupu. Sadiki anawatania watoto wake kwa sauti ileile, na nikimsikia huwa natoka chumbani. Mimi nikaambiwa kaa, nikakaa, mtoto mtiifu.

Lakini ile Jumapili, walipokuwa wanaondoka, Mama Ngoie alitoka kwake na mikono yenye unga, akaja hadi kwenye Deplasi. Baba alishawasha injini. Bibi harusi alikuwa ametulia juu ya sponji, anatabasamu, anaiona barabara yote. Mama Ngoie akaegemea mlango, vidole vyake vyeupe kwenye ile rangi ya kijani, akamwambia kwa sauti ya kutosha mtaa mzima:

"Ikala muzuri, mama. Ile kiti alishaahidiaka batu saba mbele yako."