Tabu wa Noah na nyumba zisizojua kuonjesha

Saa moja na nusu asubuhi, Tabu Yasini ameinama kwenye buti la Noah yake nyeupe, nje ya nyumba anayoishi Ngokolo, mjini Shinyanga. Anapanga vitu vya safari: dumu la maji, mkeka, birika, sabuni ya kipande, kanga mbili za akiba. Chakula hakuna hata chembe.

"Chakula kiko mbele," anasema, akilisukuma buti kwa kiuno mpaka likubali kufunga. "Mimi nabeba matumbo tu."

Matumbo ya leo ni manne, ya walimu wastaafu kutoka Morogoro waliokuja kula. Si harusi wala msiba. Watakwenda na Tabu siku nne, kutoka Samuye hadi Nkome kwenye Ziwa Viktoria, na kila siku watakula katika nyumba moja. Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya viua, anakutwa na andazi mkononi.

"Shikamoo baba," Tabu anamwambia, akilipokea andazi lenyewe kwa adabu zote. "Hili nitakutunzia. Ukifika kwa Salome kule Samuye umeshiba, kesi itakuwa yangu."

Mzee anaitikia marahaba huku akiliaga andazi lake kwa macho.

Tabu ana miaka arobaini na sita. Babu yake alitokea Bagamoyo na kuoa Shinyanga, ndiyo maana kwake kuna harufu ya iliki na maneno ya Kisukuma kwa wakati mmoja. Abiria wengi wanaingia kwenye gari wakidhani wamepata dereva, kumbe wamepata mpishi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mamantilie kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, akiwapikia ugali vijana waliotoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wakiwa vumbi tupu mpaka kwenye kope.

Huko ndiko alikoonana na Philomena.

Philomena, anayeitwa Mama Cornel, ni mkaushaji wa dagaa wa Nkome. Kila Jumanne alipita machimboni na magunia yake. Jumanne moja alikuta banda la Tabu ni majivu. Cheche ilidaka turubai, na kabla watu hawajafika na ndoo, mambo yalikuwa yamekwisha. Tabu alikuwa amekaa chini na binti yake, Samia, wakati huo mwenye miaka sita.

"Hakuniuliza imekuwaje," anasimulia Tabu. "Alishusha magunia mawili ya dagaa. Akaenda, akarudi kesho yake na sufuria kubwa kutoka jikoni kwake mwenyewe. Akaniambia neno moja tu: pika."

Tabu akapika. Samia akasoma, na leo ni fundi cherehani mwenye duka lake. Lakini kila Tabu alipotaka kulipa fadhila, Philomena alimkatalia. Ukimpelekea kitenge, anakwambia anacho. Ukimtumia hela, zinarudi siku hiyo hiyo.

"Mtu wa namna hiyo unamshukuruje?" Tabu anauliza, akiwasha gari. "Nilikosa usingizi kwa jambo hilo, wallahi."

Jibu alidhani amelipata miaka minne iliyopita. Wakati huo alikwishahama machimboni, amejifunza udereva akiwa na miaka thelathini na tisa, na Noah yake ilikuwa ikifanya kazi ya kukodishwa. Siku moja alimbeba mama mmoja Mwitalia, Rosanna, mkulima wa zabibu, aliyekuja kumtembelea binti yake, Chiara, muuguzi wa kujitolea kule Kolandoto. Chiara alikuwa anakijua Kiswahili vizuri, akawa mkalimani wa mama yake.

Njiani Rosanna alimweleza Tabu habari za kwao. Huko, watu hukodi gari wakazunguka vijijini, kilima hadi kilima. Nyumba hii wanaonja divai, ile wanaonja jibini, ya tatu mafuta ya zeituni. Kidogo kidogo, kisha wanaendelea. Kwa siku moja wanafika hata nyumba tano.

Tabu alisikiliza mpaka mwisho, akapiga usukani kwa kiganja. "Nikasema, hee! Kwani sisi hatuna njia? Hatuna vyakula? Nikamwambia, mama, nipe siku tatu, nitakuonjesha Usukuma mpaka ziwani. Na moyoni nikajua nyumba ya mwisho itakuwa ya Mama Cornel. Nimpelekee wageni wa heshima, majirani zake waone. Hiyo ndiyo shukrani yangu."

Akapiga simu nyumba tano. Kila mahali alisema maneno yale yale: wageni wanakuja kuonja, waandalieni kidogo tu.

Hapo ndipo alipoteleza, na kila mzaliwa wa huku anayesoma habari hii ameshacheka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Salome, mkulima wa Samuye. Walifika saa tatu asubuhi. Salome alikuwa amechinja kuku wawili. Kulikuwa na ugali wa mtama, nsansa, mboga kavu ya majani ya kunde, iliyoungwa kwa karanga, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa kisha kupikwa, na kibuyu cha maziwa mgando. Tabu alijaribu kueleza habari ya kuonja. Salome alimtazama kama aliyetukanwa.

"Mtu katoka Ulaya nimpe kijiko kimoja?" anakumbuka Salome, ambaye hata leo akisimulia hasira inampanda upya. "Kwani nampa dawa ya kikohozi? Nyie watani zangu wa pwani ndio mnaokula kama ndege. Hapa mtu anakula, anashiba, anaongezewa. Ndipo anaaga."

Na hawakuaga mpaka saa sita. Karibu na Kahama, mkulima wa mpunga, Deusdedit, alikuwa amepika sufuria nzima ya wali wa samli na kumwita mjomba wake aje kuwasalimu wageni. Kukataa kungekuwa kumvunjia mzee heshima mbele ya wajukuu. Nyumba mbili zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Siku mbili zikapita mezani. Siku ya tatu, walipotakiwa kuwa Nkome saa saba mchana, waliingia jua likizama, Rosanna ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Philomena alikuwa amesubiri tangu adhuhuri. Siku hiyo hakwenda kwenye vichanja vyake vya dagaa, akaacha kazi ya siku nzima. Alitandika kitambaa cheupe. Majirani walikuja wamevaa kanga za sikukuu. Samaki aina ya sato alikuwa mzima, mkubwa wa kubebwa kwa mikono miwili, na ugali wa muhogo pembeni. Rosanna alitia tonge moja mdomoni, akajitahidi, likagoma kushuka.

"Mama Cornel alifunika sufuria," anasema Tabu. Amepunguza mwendo bila kujua, na lori la nyuma linampigia honi. "Moja baada ya nyingine. Angenitukana ningepona. Mtu aliyeniinua kwenye majivu, mimi nimekuja kumwaibisha kwa majirani zake. Nilikwenda nyuma ya gari nikalia."

Rosanna aliona. Akamwuliza binti yake, akaelezwa. Basi yule mama akavua viatu, akaingia jikoni, akachuchumaa karibu na mafiga. Chiara akatafsiri: kule kwao, kuonja ni kwa wateja. Mtu akiingia nyumbani kwa marehemu mama yake Rosanna bila njaa, mama alikuwa hamsemeshi. Kisha akauliza kama wanaweza kulala hapo badala ya hotelini Geita, maana kesho atakuwa na njaa.

Philomena alimsogezea kigoda.

"Mwambie alale," akamwambia Chiara. "Ila kesho akiniambia ameshiba, nitamrudisha Ulaya kwa miguu."

Jikoni pakalipuka kicheko, na Tabu, nyuma ya gari, akafuta uso kwa upindo wa kanga.

Asubuhi Rosanna aliamka na wenyeji, akageuza dagaa juani hadi mgongo ukamwuma. Mchana alikula sato mwingine hadi miiba ikabaki kama kitana. Alifungua chupa ya divai ya shamba lake mwenyewe, aliyokuwa ameitunza safari nzima. Philomena alikunywa nusu kikombe na kusema ni chachu lakini inaelewana na samaki. Tabu, ambaye kileo hakigusi, aliwasindikiza kwa tangawizi.

Tangu hapo sheria ya Noah ni moja: nyumba moja, siku moja, na gari haliondoki mpaka mwenye nyumba aseme. Safari zimefika kumi na tisa. Nyumba zinazopokea wageni ni saba, na kila moja inalipwa kabla moto haujawashwa. Yeye mwenyewe, akiondoa mafuta na shokapu zinazokufa kwenye barabara za vumbi, hubaki na kama laki mbili kwa safari. Masika gari hulala.

"Sijatajirika," anasema. "Ila nashukuru. Alhamdulillahi. Nilikuwa nalisha watu wenye njaa ya kazi. Sasa nawalisha waliokuja kwa upendo."

Hata hivyo, lile deni la moyoni analiona lingali palepale. Safari ya mwisho alipofika Nkome, Tabu aligundua jambo: katika miaka yote aliyomjua, hajawahi kumwona Philomena ameketi wakati wengine wanakula. Ana miaka sitini na miwili. Samuye hajawahi kufika.

Kwa hiyo Agosti, baada ya mavuno, Noah itakwenda Nkome tupu na kurudi na abiria mmoja, kiti cha mbele. Hakuna mteja. Salome ameshaambiwa, na kuku ameshawachagua.

Siku ya pili, njiani Tinde, Tabu anasimamisha gari ili walimu wanyooshe miguu, kisha anampigia Philomena simu.

"Mama Cornel, shikamoo."

"Marahaba, Mama Samia. Umeniletea wangapi?"

"Wanne, tutakuwa kwako siku ya nne. Lakini nakupigia kwa lile la Agosti. Usikatae tena."

Upande wa pili dagaa wanasikika wakimwagwa kwenye kichanja.

"Sasa nikifika huko kwa watu, nitawasaidia nini jikoni?"

"Hakuna, mama. Utakaa."

"Nikae tu?"

"Ukae, mama. Wakupakulie."